Mbio Zangu za Kupunguza Kitambi

Leo asubuhi nimemliza mama mkwe wangu kwa kifo cha mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani Majengo akipika chai.

Daktari aliniambia niache pombe ya mbege, nikimbie. Basi nikashuka garini njia panda ya Machame, nikapandisha mlima mbio kuelekea ukweni. Bwege mimi, nilisahau kwamba huku mtu mzima hakimbii, labda awe amebeba habari ya msiba.

"Baba Neema, kuna nini?" waliniuliza akina mama waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe. Sikuwa na pumzi ya kujibu, nikapunga mkono tu. Wakatupa miundu yao, wakanifuata.

Nilipofika uani, mama mkwe aliona jasho langu na umati nyuma yangu, akaanguka chini. "Mwanangu jamani!"

"Shikamoo mama," nikahema. "Mke wangu mzima. Napunguza kitambi."

Kilio kilikatika. Mama mmoja akashika kiuno.

"Kitambi? Na shemeji yako tuliyekutana naye barabarani akienda kupanda basi la Dar? Tumemwambia awapelekee ndugu zake wa huko taarifa ya msiba!"

Hivi ninavyoandika, basi limeshapita Same.