Maji ya Jirani

Mwaka ule wa ukame mkubwa nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, na pale Kambu sikuwa na mtu. Mume wangu alikuwa kibarua Mombasa, mama yangu alikuwa mbali, kijijini Tulia. Nilikuwa nimekodi chumba kwenye ploti nyuma ya maduka. Chumba cha pili alikaa mwanamke Msomali ambaye mumewe alizunguka na biashara ya mbuzi, kwa hiyo naye alishinda peke yake. Kikamba hakujua, na Kiswahili alikijua cha kuombea chumvi tu. Ungedhani wapweke wawili wangepatana. Mimi nilijifungia ndani na Biblia yangu.

Hata hivyo kila asubuhi aliniletea maji, nusu ndoo. Aliona kwamba mshono wangu wa uzazi haujapona, siwezi kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto.

"Chukua, mama. Ya mtoto."

Nilichukua, na hata jina lake sikuuliza.

Mchana mmoja nikamwona kupitia dirisha. Aliinama uani, mahali nilipotoka kupita, akapiga viganja chini kwenye vumbi, akajipangusa uso, kisha mikono. Niliingiwa na hofu. Kwetu nilionywa tangu utotoni: anayechukua udongo wa unyayo wako amekuchukua wewe. Na mimi nina kichanga ndani!

Sikumuuliza. Niliwaambia kina mama wa kanisa waliopanga hapo, na kesho yake hakuna aliyeitikia salamu zake pale ploti. Maji yake niliendelea kuyapokea nikitabasamu, maana nani anathubutu kumkatalia mchawi, halafu nikayamwaga nyuma ya choo. Nikawa nanunua ya mkokoteni, yenye chumvi. Mtoto akaanza kuharisha. Nikasema ni yeye.

Siku ya tisa tangu nianze kuyamwaga, mumewe alikuja na lori, akaanza kupakia vyombo. Mkewe amechoka kukaa mahali pasipo na salamu, alisema. Ujasiri sijui niliutoa wapi, nikamuuliza ule udongo ulikuwa wa nini.

"Udongo?" Alishangaa. "Sisi tunanawa kabla ya kuomba. Maji ikikosekana, Mungu amekubali mchanga safi."

"Lakini maji alikuwa nayo. Nilikuwa naona."

"Si hiyo alikuwa anapea mtoto yako? Alisema yeye ni mtu mkubwa, mchanga itamtosha."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Mkewe alikuwa ameshaketi mbele kwenye lori, akitazama barabara. Nilimwita dada, mara ya kwanza na ya mwisho. Injini ilikuwa inanguruma, na hakugeuka.

Niliporudi chumbani nilikuta nusu ndoo mlangoni, ya siku hiyo. Yale ya siku nane nilikuwa nimeyamwaga.