Gitaa Mlimani Meru

Nilinunua gitaa kwenye duka la vyombo vya muziki mjini Arusha, nikapanga kijumba cha mbao mlimani, juu ya mji mdogo wa Usa River, nijifunze bila majirani kunicheka. Mchana kutwa nilipiga nyimbo zangu zote tatu. Mwenye kijumba, bibi mkulima wa kahawa, akaja akaketi mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ukishamaliza kulitengeneza, utanipigia wimbo?"

"Bado kidogo," nikasema, nikajifanya nakaza nyuzi.

Alingoja mpaka akachoka, akaanzisha mwenyewe wimbo wa kanisani. Nikamfuata kwa shida. Kila nilipohamisha vidole alinyamaza, akanisubiri kwa upole, kisha akaendelea. Tulipomaliza ubeti wa kwanza, jua lilikuwa limeshazama.