Jangwa Sebuleni, Kiti Stoo

Wiki jana tulimzika mwenye ile picha ya jangwa, na wewe msomaji uliyenizoea hutashangaa nikikiri kwamba sikulia. Kila aliyewahi kunywa chai sebuleni kwake, hapa mjini Machakos, alisimuliwa historia ya picha hiyo akitaka asitake: mchoraji Mzungu wa zamani, ngamia, mchanga, wasafiri waliosimama kuswali, kisha mlowezi mwenye shamba la katani aliyeiacha alipofunga virago. Nilimwambia nimesoma kwamba baadhi ya wachoraji wale hawakukanyaga jangwa lolote, walivalisha vibarua kanzu za kukodi wakawachora huko huko kwao kwenye baridi. Akaniita mshamba. Na ni yeye aliyeona haya kusema kwao ni kijijini Wamunyu, eti kukavu mno.

Siku moja jirani yake, mama mshonaji ambaye wazee wake walitoka Mombasa, alimletea mapazia. Akaitazama picha, akaangua kicheko. "Mzee, mbona hawa wanaswali pamoja na kila mtu ameangalia upande wake? Kibla ni ngapi?" Mwenye picha akavimba. "Aliyechora alifika huko. Wewe umefika?" "Sijafika," akajibu mama, "lakini kuswali naswali kila siku." Hakuitwa kushona tena.

Baba wa marehemu alikuwa mchongaji. Alichongea watalii morani na twiga maisha yake yote, na tusijitie utakatifu, morani wale nao walikuwa wa kubuni tu. Lakini kiti kimoja cha miguu mitatu alikichonga kwa ajili ya nyumba yake, akakikalia hadi uzeeni, na binti yake hakutaka urithi mwingine. Baada ya mazishi dada huyo wa marehemu alinishika mkono akanipeleka stoo ya kaka yake. "Hii kiti nimemuomba kila Krismasi," alisema. "Ananiambia iko stoo, iko salama. Ona sasa." Mchwa walikuwa wamebakiza mguu mmoja. Kule sebuleni, jangwa lilikuwa limewekewa kioo. Nilimchukia marehemu pale pale, Mungu anisamehe.

Dharau ya mgeni aliyechora asichokijua unaweza kuicheka, kama alivyocheka yule mama. Ya mwenyeji kwa chake mwenyewe haichekeshi. Kama kuna ndugu anayekuomba kitu cha mzazi wenu, mpe angali anaomba. Yule dada alirudi kwake na mguu wa kiti ameufunga kwenye leso.