Foleni ya Wete Yaingia Mashindanoni

Jumatatu, kwenye foleni ya ofisi moja hapa Wete, wanachuo wawili nyuma yangu walikuwa wakipima kila mtu anakaa dirishani muda gani. Wamo kwenye mashindano ya kimataifa ya mathematical modeling, yaani kugeuza mambo ya kila siku kuwa fomula, na deadline ilikuwa jioni ile.

"Namba hazikubali," binti alilalama. "Fomula yetu inakwenda mbio kuliko foleni."

Dirishani, bibi mmoja alikuwa bado anamwuliza karani hali ya mama, watoto na mikarafuu.

"Tumesahau salamu," mwenzake akasema.

"Majaji wa nje watatucheka, ati!"

"Na wacheke. Foleni ya Pemba bila salamu ni uongo."

Wakazitia salamu kwenye fomula, namba zikakubali, wakatuma.

Wakishinda, wakubwa watapiga nao picha. Then what? Watahitimu, waje wapange foleni ya ajira nyuma yangu. Let them model that one: humu hasalimiwi mtu, na bado haisogei.