Siku Nilipompiga Shoti Mwenyekiti

Jamani, hii aibu huwa naisimulia mwenyewe, maana wakiisimulia watu wa Matogoro wanaongeza chumvi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, magari ya mtumba yameanza kujaa Songea, na mimi, mwalimu wa fizikia, nikapata koili ya gari bovu, nikaiunganisha na kapasita na betri, nikatengeneza mtambo wa kutoa mapigo ya umeme wa volti nyingi, tak, tak, tak, kila pigo fupi kuliko kupepesa jicho. Shabaha ilikuwa uzio wa kufukuza nguruwe pori, maana walikuwa wanamaliza mihogo ya watu (Mama Kapinga walimfukulia shamba zima, akawa ananunua unga kama mtu wa mjini). Nyumbani kwangu Msamala niliujaribu mpaka majirani wakachoka, na ulifanya kazi vizuri tu.

Siku ya kuwaonyesha wakulima nafika shambani Matogoro, nagundua nimesahau nondo ya kuchimbia ardhini, ile ya kupokea umeme unaorudi. Kuifuata Msamala nikaona uvivu. Karibu yangu palikuwa na stendi ya maikrofoni, nikajisemea chuma ni chuma, nikafunga waya pale.

Mzee Komba, mwenyekiti wao, akashika maikrofoni. "Ndugu zangu, huyu mwalimu wetu..."

Mimi na kiherehere changu nikawasha mtambo, nikagusisha bua bichi kwenye uzio ili waone cheche. Ardhi ilikuwa kavu, umeme ukakosa njia, ukapanda kwenye stendi hadi midomoni mwa mzee.

"Mama yangu weee!"

Spika zikakitangaza kilio hicho mpaka barabarani, na watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Nikakimbia kuzima, nikachomoa betri, halafu nikashika waya wa kapasita kwa mkono mtupu (mimi, ninayewafundisha watoto kila mwaka kwamba kapasita hubaki na chaji!). Ukanitupa kinyumenyume, nikakaa ndani ya ndoo ya togwa ya wageni.

Mama Kapinga akachungulia. "Mwalimu, sasa na hiyo tunywe?"

Nikaenda kwa mzee, suruali inachuruzika. "Shikamoo mzee. Naomba radhi."

"Marahaba." Alikuwa bado anajipapasa midomo. "Kama mimi nimeruka hivi, nguruwe atakimbilia Mbinga. Kalete hiyo nondo."

Uzio ukafanya kazi, Mama Kapinga akavuna. Lakini toka siku ile siwashi mtambo wowote kabla sijachimbia nondo kwa mikono yangu, na mtu akishika maikrofoni namwacha amalize kuongea, hata akichukua saa nzima.