Kitufe cha Ukutani

Tovuti ya shule ya wakunga hapa Kasongo niliitengeneza mwenyewe, kwa kusoma na kukosea. Zamani nilikuwa fundi wa redio. Kila nilichojifunza nilikiandika katika daftari kwa kalamu ya bluu, na makosa yangu kwa nyekundu.

Mwanzoni anwani ya kujiandikisha ilionekana yote kwenye ukurasa, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mkurugenzi wa shule, mama asiyependa maneno mengi, alisema ukurasa unafanana na barua ya malalamiko. Alitaka vitufe, kama alivyoviona kwenye tovuti za Kinshasa.

Kazi ilinichukua siku tatu. Mfumo tunaotumia kuhariri kurasa ulijua kuweka kiungo tu. Rangi na umbo ilibidi niviandike katika faili la mitindo, lile linalopanga sura ya ukurasa. Nikaweka kijani nyuma ya herufi nyeupe, nafasi ya kutosha ili kidole kipate pa kugusa, na pembe za mviringo. Nikajaribu kwenye simu tatu. Anwani ndefu ilitoweka, yakabaki maneno mawili: Jiandikishe hapa. Niliridhika.

Siku moja baada ya uandikishaji kufungwa, mwanamke alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi, matope mpaka magotini. Alitoka Kabambare, akalala Lusangi njiani. Katika mfuko wa plastiki alikuwa na karatasi: ukurasa wangu, umechapishwa.

Kule mtandao hupatikana kwa shida. Mwenye duka la kuchapa barua hutoa kurasa kama hizo, huzibandika ukutani, na watu hunakili anwani ili waifungue siku watakapofika penye mtandao. Desturi hiyo niliijua. Mwaka uliotangulia mwanamke huyo alinakili hivyo kwa ajili ya mdogo wake, na mdogo wake akaandikishwa.

Nilimwambia, bila kufikiri, kwamba ilitosha kubonyeza kile kitufe.

"Papa," akasema taratibu, "tulibonyeza. Ule ukuta tuliubonyeza mpaka chokaa ikatoka. Ulitaka tufanye nini tena?"

Dereva wa pikipiki alicheka. Mimi niliitazama karatasi: mstatili wa kijivu, maneno mawili, na hakuna anwani popote.

Alieleza mengine bila kupandisha sauti. Alikuwa amengoja mtu wa kumletea anwani, hakuja, basi akasafiri. Shule haipokei mtu aliyepita umri fulani, na yeye huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Nilimpeleka kwa mkurugenzi. Jibu lilikuwa fupi: orodha imefungwa. Nikaenda kuleta daftari langu, ambamo nilikuwa nimebandika ukurasa wa zamani, nikauweka mezani kando ya karatasi ya Kabambare.

"Hakuchelewa yeye," nikasema. "Njia niliifunika mimi."

Mkurugenzi alizilinganisha. Akauliza kama si yeye mwenyewe aliyeomba vitufe. Nikajibu kwamba aliomba vitufe. Kuondoa anwani hakuomba. Akamgeukia mwanamke, akamuuliza kama kuna wengine walioona ukuta ule.

"Iko wawili," akajibu. "Moja ni jirani yangu."

Mkurugenzi akafungua orodha, akaandika jina la mwanamke chini ya mstari wa kufungia, akatia sahihi kando. Hao wawili aliwapa juma moja.

Nilirudi kwenye mashine ya kompyuta. Kitufe nilikiacha kama kilivyo. Chini yake nikaandika anwani nzima kwa herufi nyeusi, kubwa kuliko zile za mwanzo. Nikachapa nakala moja. Mwanamke hakuipokea mara moja. Aliisoma herufi kwa herufi, kidole kimoja kwenye karatasi na kingine kwenye kioo cha mashine, mpaka mwisho. Kisha akaikunja, akaitia katika mfuko wa plastiki, akamwambia dereva awashe.

Katika daftari niliandika mistari miwili, kwa nyekundu.