Pumzi ya Tanuri la Mzee Chenge

Dorotea Chenge alikuwa mkunga wa jadi pale Kisesa, mwanamke mkimya mwenye viganja vipana. Hata wajawazito wa Igoma walimwita. Baba yake alikuwa mhunzi, na ujanani aliwahi kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuri la udongo, kabla majembe ya dukani hayajaiua kazi hiyo.

Mwaka 1994 maduka yalijaa majembe mapya kutoka nje. Yaling'aa, lakini yakigonga udongo mkavu yalipinda kama bati. Mzee Chenge akaapa kwamba kabla hajafa atatengeneza jembe moja la kweli. Akakusanya mawe mekundu mazito mlimani, akachoma mkaa, akajenga tanuri nyuma ya nyumba. Lilikuwa na tumbo, na juu ya tumbo akabandika matiti mawili ya udongo.

"Baba, mbona umelifanya mwanamke?"

"Ndivyo lilivyo. Linabeba mimba ya chuma. Wewe usilisogelee, litaona wivu."

Siku ya kazi, mzee na majirani wawili, Luhende na Mayala, waliwasha moto wakaanza kuvukuta, wakiupuliza kwa mivukuto ya ngozi. Dorotea alibaki ndani akipepeta mtama. Jua lilipofika utosini akasikia pumzi ndefu, kisha fupifupi, kisha mguno uliobanwa kwenye meno. Akajua kuna mtu ameshikwa na uchungu. Akatoka mbio.

Hapakuwa na mwanamke. Luhende na Mayala walikuwa wamerudi nyuma hadi kwenye ua. Mivukuto ilikuwa imelala chini, haina mtu. Tanuri lilikuwa linapumua.

"Tumeacha kuvukuta zamani," Luhende alinong'ona.

Mzee alikuwa amepiga magoti. "Limekwama, mwanangu. Sijawahi kuona hivi."

"Si ulinikataza?"

"Nilikukataza. Njoo."

Dorotea aliogopa, lakini miguu yake ilizoea kuifuata sauti ile. Akaweka viganja kwenye udongo. Ulipaswa kumbabua, lakini ulikuwa na joto la mwili tu. Ndani, kitu kikajigeuza.

"Pole, mama," alisema, kama alivyowaambia wote. "Usisukume bado."

Pumzi ikatulia. Akangoja mpaka tumbo lile lilipokaza chini ya mikono yake.

"Haya. Sasa."

Ukuta wa mbele ukapasuka. Bonge jekundu likabingirika kwenye majivu, na kukawa kimya.

Lilipopoa, mzee akaligonga kwa nyundo likalia kama kengele. "Chuma cha pua," alisema, machozi yakimtoka. Akafua jembe lake. Kabla ya mvua, akafariki.

Majirani walitaka tanuri libomolewe. Dorotea akakataa. Akalifunika kanga, na kila asubuhi akamimina uji mwepesi kwenye ule ufa, kama anavyohudumiwa mzazi aliyetoka kujifungua. Uji haukuvujia nje hata tone.

Siku moja akakuta umetapakaa chini, na udongo ni baridi kabisa. Akaichukua kanga yake, akaifua, kisha akalibeba jembe la baba yake, akaenda kulima.